Kabla hujang'oa drumu za nyuma kwa safari ya Sokoine

UKITAKA kujua kama ratiba ya Ligi Kuu imetoka, achana na simu, pita gereji. Mechi ya Mbeya ikishawekwa mwishoni mwa wiki, wenye Corolla, Carina na Noah wanaanza kupanga foleni kwa mafundi. Huyu anamwaga oili, yule anatafuta tairi mbili za bei poa. Halafu yupo anayekuja na ombi moja tu: atolewe drumu za nyuma, afungiwe diski.

Ombi lenyewe halina ubaya. Diski ni breki nzuri, na gari la miaka ya tisini lenye diski nne linapendeza hata kwa macho ukiwa na rimu za wazi. Shida ni kwamba wengi wanaichukulia kazi hii kama kubadili jezi. Unavua hii, unavaa ile, unaingia uwanjani. Siyo hivyo, na mahali pa kuligundua hilo siyo kwenye mteremko wa Kitonga mkiwa watu watano ndani.

KWENDA UNAPANDA, KURUDI UNASHUKA

Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Wakati wa kwenda, Kitonga unaipanda, kwa hiyo anayeteseka ni injini. Breki zinapumzika. Mtihani wa breki unakuja wakati wa kurudi: mechi imeisha, sauti zimekauka, dereva hajalala vizuri, gari limejaa watu na mabegi, na mbele yako kuna kona, malori na bonde.

Chukua gari la kilo 1,500, ambalo ndilo Corolla iliyojaa abiria. Kila likishuka mita 100 kwenda chini, nishati inayotakiwa kumezwa inatosha kuchemsha zaidi ya lita nne za maji yaliyotoka bombani. Usipoimeza kwa injini, yaani kwa gia ndogo, yote inaingia kwenye breki kama joto. Hapo ni mita 100 tu, na Kitonga ni zaidi ya hapo.

Drumu ikipata joto hilo inatanuka, na inatanuka kwa kuzikimbia shuu zilizo ndani yake. Ndiyo maana kanyagio linazidi kwenda chini kila unapokanyaga. Diski ikipata joto inavimba kuelekea kwenye pedi, na kwa kuwa imekaa wazi, upepo unaipoza haraka. Mvua ikinyesha, diski inajifuta yenyewe wakati drumu inaweza kubaki na maji ndani. Hizo ndizo sifa za kweli za diski, na wala siyo stori za vijiweni. Jaguar walizipeleka Le Mans mwaka 1953 kwenye mbio za saa 24, Tony Rolt na Duncan Hamilton wakashinda, na wenye drumu wakabaki kuhesabu muda wanaopoteza kila wanapoikaribia kona.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Ukikanyaga breki, uzito wa gari unakimbilia mbele. Kwenye gari dogo, matairi ya mbele ndiyo yanayofanya kazi kubwa, kama asilimia 70 hivi, na huko mbele Corolla yako tayari ina diski. Kwa hiyo kufunga diski nyuma hakutakupa gari linalosimama kwa nusu ya umbali. Utapata breki zisizochoka mapema mlimani, basi. Aliyekwambia utasimama kama ukuta alikuwa anauza spea.

BEKI ALIYECHOKA AU BEKI ALIYEUMIA?

Drumu nyingi zinazolaumiwa hazijawahi kupewa nafasi. Gari lina zaidi ya miaka 20, mara ya mwisho drumu kufunguliwa hakuna anayekumbuka. Kile kidude kinachorekebisha shuu zenyewe kimeganda kwa kutu, kwa hiyo shuu zinasafiri mbali kabla ya kugusa. Silinda ndogo ya gurudumuni inavuja, shuu zimelowa mafuta ya breki. Hapo hata ungekuwa na drumu za lori usingesimama.

Kwa hiyo fungua kwanza. Ndani au pembeni ya drumu huwa kuna kikomo kimeandikwa. Drumu ya milimita 200 kwa kawaida mwisho wake ni 201. Ikizidi hapo ni chuma chakavu, usikubali kuchongewa tena. Shuu mpya, silinda mpya mbili, mafuta mapya ya breki na kurekebisha vizuri ni kazi ya siku moja. Kwa anayesafiri Mbeya mara moja kwa msimu, binafsi naona inatosha kabisa.

Ila kuna watu hawakosi mechi ya ugenini. Leo Mbeya, wiki mbili baadaye Ruangwa, mwezi ujao Mwanza. Hao wakiamua kuhama, wahame kamili.

USISAJILI MCHEZAJI MMOJA

Drumu ina ujanja wake. Shuu ya mbele ikigusa drumu inayozunguka, drumu inaivuta na kuikandamiza zaidi, kwa hiyo mguu wako unasaidiwa bure. Diski haina msaada huo. Inataka nguvu kubwa zaidi ya mafuta, na pistoni ya kalipa ni kubwa kuliko ile ya silinda ya drumu, kwa hiyo inataka pia mafuta mengi zaidi kila unapokanyaga.

Mafuta hayo yanatoka kwenye masta silinda, ambayo ilipimwa kwa ajili ya drumu. Ukiiacha ileile, mara nyingi kanyagio linakuwa refu na laini. Ukifunga kubwa kupita kiasi, kanyagio linakuwa gumu kama unakanyaga jiwe.

Kati ya masta silinda na breki za nyuma kuna valvu ya mgawanyo, na hapa ndipo penye kesi. Kazi yake ni kupunguza nguvu inayokwenda nyuma pale unapokanyaga kwa nguvu, kwa sababu nyuma kumeshakuwa kwepesi. Imepangwa kwa drumu. Ukiweka kalipa ndogo, nyuma haifanyi kitu, umelipia mapambo. Ukiweka kalipa kubwa, matairi ya nyuma yanajifunga kabla ya mbele. Na tairi za mbele zikijifunga gari linakwenda moja kwa moja tu bila kufuata usukani, ila za nyuma zikijifunga gari linageuka lenyewe. Kwenye kona ya Kitonga, kugeuka lenyewe maana yake mnajua.

Magari kama Noah, Hiace na pikapu yana jambo jingine. Baadhi yana valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa chuma, inayopima mzigo. Kuna mafundi wanaikata au kuifunga kwa waya ili kazi iishe haraka. Ukiona hivyo, ondoa gari lako hapo.

Njia salama ni kutafuta ndugu wa gari lako aliyetoka kiwandani na diski nyuma, ukachukua kila kitu chake. Kwa Corolla 110 ndugu yupo: Levin, Trueno na Corolla GT za AE111 zilitoka na diski nne. Usinunue kalipa na diski peke yake. Chukua na habu na chuma kinachozibeba, bamba la nyuma, mipira ya breki, nyaya za hendibreki, valvu ya mgawanyo na masta silinda ya gari hilohilo. Hesabu na nati za rimu, maana baadhi ya hizo ndugu zina tano wakati yako ina nne. Na rimu za inchi 13 mara nyingi hazipiti juu ya kalipa, jaribisha kabla hujalipa.

Gari lenye ABS ni habari nyingine. Sensa za nyuma lazima zikae sawasawa, la sivyo taa itawaka na ABS itajizima. Kama fundi hajagusia sensa hata mara moja, hajaifikiria kazi.

HENDIBREKI, MSAHAULIWA WA KIKOSI

Kwenye drumu, hendibreki ni ya bure, waya unavuta shuu zilezile. Ukitoa drumu umeitoa na hiyo. Kalipa za nyuma zinakuja kwa namna mbili: yenye hendibreki ndani yake, au diski yenye kijidrumu kidogo katikati. Zote ni sawa, mradi nyaya zitoshe na zivute pande zote mbili kwa usawa. Kalipa ya tatu, isiyo na hendibreki kabisa, ni ya mbele iliyohamishiwa nyuma. Inauzwa rahisi na inafungwa rahisi, halafu gari linalala na jiwe chini ya tairi. Hapana.

Wakati wa kufunga, angalia mambo mawili ambayo hata mafundi wazoefu yanawapita kwa haraka. Kalipa yenye hendibreki ndani, pistoni yake kwa kawaida inarudishwa kwa kuzungushwa; ukiibana kwa nguvu unaua mashine iliyo ndani. Na skrubu ya kutolea upepo lazima iwe juu. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, skrubu inakaa chini, upepo unabaki juu, na mtatoa upepo kuanzia asubuhi hadi jioni bila kanyagio kusimama.

MAZOEZI KABLA YA MECHI

Pedi mpya na diski zinahitaji kuzoeana. Tafuta barabara tulivu, nenda kilomita 60 kwa saa, punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, rudia kama mara kumi huku ukizipa nafasi ya kupoa. Kisha nenda eneo la wazi lisilo na watu, gari likiwa tupu, mwendo wa 40, fundi akanyage kwa nguvu na wewe usimame pembeni ukiangalia. Kama ni gari lisilo na ABS, matairi ya mbele yajifunge kwanza. Yakianza ya nyuma, gari halijawa tayari hata kama mechi ni kesho.

Kwa nini tupu? Kwa sababu gari likijaa, nyuma kunakuwa kuzito na tairi zinashika. Siku utakayoliendesha peke yako baada ya kuwashusha wenzako ndiyo siku litakapokuonyesha rangi yake.

Mafuta ya breki weka mapya ya DOT 4. Yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230, wakati DOT 3 ni 205. Lakini mafuta haya yananyonya unyevu hewani, na DOT 3 iliyozeeka inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, hausukumi pedi. Diski mpya zenye mafuta ya miaka mitano ni kusajili straika wa bei mbaya na kumpa viatu vilivyotoboka.

Na hata ukishafunga kila kitu, Kitonga unaishuka na gia ya pili, siyo na mguu. Wa otomatiki, sogeza kwenye 2 au L kabla ya mteremko kuanza, siyo katikati. Kanyaga kwa nguvu kidogo, achia, acha zipoe. Kukaa juu ya breki kilomita nzima kunaichosha diski kama kunavyoichosha drumu, inachelewa tu.

Mkifika Ruaha Mbuyuni, wenzako wakishuka kununua vitunguu, wewe lizunguke gari. Usiguse, sogeza tu kiganja karibu na kila rimu. Zote zitakuwa na joto. Za mbele zinaruhusiwa kuzidi. Lakini kama ya nyuma kushoto inawaka na ya kulia ni ya kawaida, kuna kalipa haiachii au waya wa hendibreki umebana, na Morogoro mtaingia kwa mwendo wa pole.