Ajua chenji, alilia andazi

Soko Kuu la Songea, asubuhi. Binti wa miaka mitano amekaa juu ya gunia la maharage. Mteja anapimiwa kilo tatu, kila moja shilingi 2,800, anatoa noti ya elfu kumi. Mama wa binti hajagusa simu apige hesabu, mtoto kashataja chenji: elfu moja na mia sita. Wauzaji wanamshangilia. "Huyu mtu mzima, mpelekeni darasa la kwanza leo leo!" Punde anagaragara chini akilia, mdogo wake kala andazi lake.

Hajadeka. Hesabu na kujizuia havikui pamoja. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuliza hasira na kupima matokeo, hukomaa mtu akiwa ameshapita miaka 20.

Tena kuna la kushangaza. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Marekani uliofuatilia kwa picha ubongo wa watoto na vijana 307. Kwa wenye akili ya wastani, gamba la ubongo lilifikia unene wa juu kabisa wakiwa na miaka kama minane. Kwa waliofanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili lilianza likiwa jembamba, likafika kileleni kwenye miaka 11 au 12. Mwepesi ndiye anayekaa jikoni muda mrefu!

Halafu sisi hupigia makofi jibu, swali tunalifukuza. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aligombania nafasi kwenye friji akaweka maziwa ya aiskrimu yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya baridi. Alipouliza kwa nini, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Aliuliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, safari hii kwa Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, naye akaenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana mpaka leo.

Kwa hiyo mama wa sokoni, darasa la kwanza lina umri wake, miaka sita. Mwache binti acheze, na maswali yake myajibu. Ila mtoto anayesoma kila bango la barabarani lakini haelewi alichosoma, wala hageuki akiitwa jina, huyo msimsifie tu. Mpelekeni hospitali ya mkoa akaonwe na daktari wa watoto.