Fahamu: Altrasaundi inavyotabiri shida ya kupumua baada ya mashine

Kabla ya kutolewa kwenye mashine ya kupumulia, mgonjwa mahututi hujaribiwa kupumua mwenyewe kwa dakika 30 hadi 120. Hata hivyo, baadhi ya wanaofaulu huzidiwa tena baadaye.

Altrasaundi husaidia kuwatambua mapema. Daktari hukagua sehemu 12 za kifua na kuipa kila moja alama 0 hadi 3. Hewa ikipungua mapafuni, alama hupanda. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa wenye jumla chini ya 13 hawakuwa na hatari kubwa, tofauti na waliozidi 17. Kiwambo, msuli mkuu wa kupumua, nacho hupimwa: kisiposogea hata milimita 10, huhesabiwa dhaifu.

Kipimo hiki hakina mionzi, lakini uamuzi wa mwisho hubaki kwa daktari.