Kongolo: Pale Kanisa linapouliza mali imetoka wapi

Usiku wa tarehe 31 Desemba, kama katika miji mingi ya mashariki mwa Kongo, watu hukesha makanisani. Katika makanisa ya uamsho maombi ya usiku huo yanajulikana: nyumba ya mabati, ndoa, kazi, gari, safari ya Ulaya, biashara isiyoanguka. Mchungaji hutangaza kwamba mwaka unaoanza ni mwaka wa mafanikio, na watu wote huitikia amina.

Kongolo, mji ulio kando ya mto Lualaba katika mkoa wa Tanganyika, asubuhi inayofuata ina kumbukumbu nyingine. Tarehe 1 Januari 1962, wamisionari 20 wa shirika la Roho Mtakatifu waliuawa hapo kwenye kambi ya askari. Ulikuwa wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, na wanajeshi wa serikali walikuwa wameingia mjini siku moja kabla. Maiti zilitupwa mtoni. Padri Jules Darmont alinusurika, akabaki kuwa shahidi wa siku hiyo.

Wamisionari hao hawakuuawa kwa sababu ya fedha. Lakini walikuwa watu walioweka nadhiri ya ufukara: hawakuwa na shamba, nyumba wala akiba ya kuwaachia ndugu zao. Kwa kipimo cha maombi ya mkesha, walikufa bila mafanikio yoyote. Ndiyo maana siku moja ya mwaka inakutanisha Kongolo na maswali mawili. La kwanza: Mungu atanipa nini mwaka huu? La pili: maisha ya mtu yanapimwa kwa nini?

Mshahara usiofika

Mahubiri ya mafanikio hayakuzaliwa Kongo. Yalikomaa Marekani katika karne ya 20, yakapanda redio, kaseti na televisheni hadi Afrika. Msingi wake ni rahisi kuelewa: Mungu anataka mtoto wake awe tajiri na mzima wa mwili, sadaka ni mbegu, na anayepanda kidogo asitegemee kuvuna kingi. Umaskini, kwa mafundisho hayo, ni laana au ni kasoro ya imani.

Nchini Kongo mafundisho hayo yalikuta ardhi iliyolainika. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, na uchumi wa Zaire ukaanza kushuka pamoja nayo. Kufikia uporaji mkubwa wa 1991 na 1993, mshahara wa mwalimu au wa mfanyakazi wa serikali ulikuwa umebaki jina tu. Vita vilifuata mwaka 1996 na 1998. Wakati huohuo makanisa ya uamsho yaliongezeka kila mtaa. Mtu ambaye serikali haimlipi, benki haimjui na njia ya gari moshi haina uhakika, atamsikiliza nani kama si yule anayemwambia kwamba mlango utafunguka Jumapili ijayo?

Inafaa kuwatendea haki waumini hao. Katika makanisa hayo wengi wameacha pombe, wamejifunza kuweka akiba, wamepata wenzao wa kuwatembelea wanapougua au wanapofiwa. Na si kila Mpentekoste huhubiri utajiri. Upentekoste wa kaskazini mwa Katanga ulianza kwa njia nyingine kabisa: Waingereza William Burton na James Salter walifika Mwanza, katika nchi ya Waluba, mwaka 1915 wakiwa wamisionari wa imani, yaani wasio na mshahara wa uhakika nyuma yao.

Tatizo linaanza pale mafanikio yasipokuja. Mahubiri yakishasema kwamba Mungu hutajirisha kila anayeamini, aliyebaki maskini lazima apatiwe sababu. Wakati mwingine huambiwa sadaka yake haikutosha. Wakati mwingine huambiwa kuna mtu nyumbani anayemfunga, na kidole huelekezwa kwa bibi, kwa mjane au kwa mtoto yatima.

Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa mitaani nchini Kongo. Ilieleza jinsi watoto wengi walivyofukuzwa nyumbani baada ya kuitwa wachawi, na jinsi baadhi ya wachungaji walivyoshiriki katika kuwatuhumu na kuwatesa kwa jina la maombi. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imekataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Lakini sheria haiwezi kufika katika kila mkesha, na mafundisho yanayofanya umaskini kuwa kosa la mtu fulani yanaendelea kutafuta mkosaji.

Mwaka 1976: barua moja, hotuba moja

Upande wa pili una historia ndefu vilevile. Jimbo Katoliki la Kongolo liko chini ya jimbo kuu la Lubumbashi, na ni Lubumbashi ambako ilitoka moja ya barua kali kabisa zilizowahi kuandikwa na kiongozi wa dini nchini kuhusu fedha.

Katika Kwaresima ya 1976, Askofu Mkuu Eugène Kabanga aliwaandikia waumini barua yenye jina la Kifaransa linalomaanisha “Mimi ni mtu”. Hakuanza na mbingu. Alianza na ofisi, mahakama na gereza. Aliuliza kwa nini haki mahakamani inapatikana kwa kumlipa hakimu; kwa nini mfungwa asiye na mtu wa kumlipia anasahauliwa; kwa nini mwananchi anarudishwa kila siku ofisini hadi atoe kitu. Aliona kwamba kila aliyeshika kipande kidogo cha mamlaka anakitumia kuwakamua wengine, hasa vijijini. Kiu ya fedha, alionya, inamgeuza mtu kuwa muuaji.

Mwezi Mei mwaka huohuo, Rais Mobutu alitoa hotuba ambayo Wakongo hawajaisahau. Alikemea wizi, lakini kwa namna yake: anayeiba aibe kidogo na kwa akili, asitake kuwa tajiri kwa usiku mmoja, maana hapo atakamatwa.

Ni vigumu kupata maneno mawili ya mwaka mmoja yanayopingana zaidi. Moja lilisema wizi mdogo unaua. La pili lilisema wizi mdogo unavumilika. Karibu miaka 50 baadaye, anayepita kwenye barière na gunia la mahindi au bidoni ya mawese anajua ni lipi kati ya hayo mawili lililotawala. Matabishi yamekuwa sehemu ya bei ya kila kitu. Mkulima huyalipa, mfanyabiashara huyaongeza kwenye bei, na mama anayenunua unga wa bukari ndiye anayeyamaliza.

Kiti alichokalia Kabanga sasa kinakaliwa na mtu anayeijua Kongolo. Askofu Mkuu Fulgence Muteba alikuwa padri wa jimbo la Kongolo kabla ya kupewa uaskofu wa Kilwa-Kasenga mwaka 2005. Alipelekwa Lubumbashi mwaka 2021, na mwaka 2024 maaskofu wenzake walimchagua kuongoza baraza lao la taifa, CENCO. Sauti yake dhidi ya rushwa na matumizi mabaya ya mali ya umma imesikika mara nyingi, nayo imewaudhi baadhi ya wakubwa.

Mchele wa Goma

Kwa muda mrefu ukosoaji huo ulikuwa katika barua na mahubiri. Tangu tarehe 15 Juni 2025 una sura ya mtu.

Siku hiyo, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta mjini Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri Floribert Bwana Chui Bin Kositi, kijana wa Goma. Hakuwa padri wala mtawa. Alizaliwa mwaka 1981, akasomea sheria, akapata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Kazi yake mpakani ilikuwa kuzuia vyakula vilivyoharibika visiingie sokoni.

Kila Mkongo anaelewa maana ya nafasi kama hiyo. Kwa familia nyingi, kijana aliyepata kiti mpakani amefanikiwa. Ndugu huanza kuhesabu malipo ya shule, matibabu na mahari. Lori la mchele mbovu lilipofika kutoka Rwanda, wenye mzigo walitoa fedha ili apige muhuri. Alikataa. Vitisho vilifuata, na bado alikataa. Alitekwa tarehe 7 Julai 2007, na siku mbili baadaye mwili wake ulikutwa ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Papa Fransisko alisimulia habari hizo kwa vijana katika uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023. Alieleza kwamba Floribert angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua, tena angepanda cheo. Kisha akawataka vijana waseme pamoja kwa sauti kwamba wanakataa rushwa.

Kuna jambo jingine katika maisha ya kijana huyo linalogusa moja kwa moja mjadala wa mafanikio. Akiwa mwanajumuiya wa Sant’Egidio, alitumia muda wake kwa ajili ya maibobo, watoto wa mitaani wa Goma. Watoto wa namna ileile ambao katika nyumba nyingine huitwa chanzo cha umaskini, yeye aliketi nao na kuwatafutia shule.

Si vita dhidi ya mali

Ukosoaji huu unaeleweka vibaya pale unapochukuliwa kuwa sifa kwa umaskini. Hakuna anayeishi Kongolo anayehitaji kuambiwa uzuri wa kukosa dawa, au wa kukaa na mpunga usio na njia ya kwenda sokoni. Umaskini wa nadhiri huchaguliwa na mtu mmoja. Umaskini wa kijiji haukuchaguliwa na mtu yeyote.

Floribert mwenyewe hakukataa mshahara. Alikataa fedha moja, kwa sababu upande wa pili wa fedha hiyo kulikuwa na sahani ya mtu asiyemjua. Hapo ndipo hoja yote ilipo. Swali si mtu ana kiasi gani, bali mali imetoka wapi na nani ameilipia. Ni swali ambalo Waislamu wa Maniema na wa pwani ya ziwa Tanganyika pia wanalijua: faida iwe ya halali, na zaka ni haki ya maskini, si hisani ya tajiri.

Swali hilo hupanda hadi juu. Tarehe 31 Januari 2023, mbele ya viongozi wa nchi na mabalozi, Fransisko aliyataka mataifa yaondoe mikono yao juu ya Kongo na kulaani uroho uliozipaka almasi damu. Kwa mkoa wa Tanganyika maneno hayo hayako mbali: Manono, katika mkoa huohuo, ina akiba kubwa ya litiamu inayogombewa na makampuni ya kigeni.

Na swali hilo huingia hata sakristia. Fransisko alipokutana na mapadri na watawa katika kanisa kuu la Kinshasa, hakuwapa sifa tu. Aliwaonya dhidi ya kutafuta starehe za dunia, na kusema ni kashfa padri anapotumia nafasi yake kujihudumia badala ya kuwahudumia watu. Waumini wa makanisa yote wanalijua hilo. Wanajua gari la nani limenunuliwa kwa michango ya nani, na ni mara ngapi mtoa sadaka nono anapewa kiti cha mbele bila kuulizwa kitu. Kanisa linaloogopa kumuuliza mfadhili wake mali imetoka wapi haliwezi kumuuliza ofisa wa barière.

Mkesha mwingine utafika, na Kongolo itaomba tena nyumba, kazi na afya. Ni maombi ya haki. Wanaoyaomba wamesubiri muda mrefu. Lakini mmoja wa wanaoomba anaweza kuwa ndiye atakayepewa kiti mpakani mwaka huo, au muhuri, au ufunguo wa ghala. Siku hiyo lori lenye mchele mbovu likisimama mbele yake na bahasha ikawekwa mezani, atalazimika kuamua peke yake kama hayo ndiyo mafanikio aliyoyaitikia amina.