Jicho Lililopimwa Likabaki Barazani

Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma, kwa kawaida haiumi, na tabu yote inaanzia hapo. Tumezoea ugonjwa unaojitangaza: homa hutetemesha, jino hukesha na mtu usiku kucha. Hata mtoto wa jicho huonekana, mboni ikapata weupe na majirani wakauona kabla ya mwenyewe kulalamika. Glakoma haina adabu hiyo. Inaanza kula pembeni mwa uoni, kidogo kidogo, jicho moja likisitiri kasoro ya jingine. Mzee anajikwaa kizingiti alichokivuka miaka arobaini, kijana anampa shikamoo kutoka ubavuni hajibiwi, na mtaani wanasema mzee siku hizi ana maringo. Siku anapotambua kwamba haoni, mshipa unaopeleka habari za jicho kwenye ubongo umeshakufa kwa sehemu kubwa, na uliokufa haufufuki. Watafiti waliowapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, walichapisha matokeo yao mwaka 2000: asilimia 4.16 walikuwa na glakoma. Kongwa si Kilwa kwetu, na hesabu ya nyika ya Dodoma haihamishwi ikapachikwa pwani bila kupimwa upya. Lakini hata ikichukuliwa kama makisio tu, watu mia wa rika hilo wakikaa msibani Pande, hukuhuku Kilwa, wanne hivi kati yao huenda wanapoteza macho wakiwa wametulia kwenye mkeka.

Ndiyo maana naona tumekuwa tukiuliza swali lisilo lake kuhusu utafiti wa macho. Habari zinazopewa nafasi ni za vifaa: mashine mpya, simu inayopima, kompyuta inayosoma picha. Vifaa ni jambo jema. Ila ugunduzi wa ugonjwa haujakamilika pale mpimaji anapoandika jina daftarini, unakamilika mgonjwa anapofika mbele ya mtu anayeweza kumtibu. Kipimo cha kweli cha njia yoyote ya kupima macho ni kuhesabu waliofika, na utafiti bora uliofanyika Afrika Mashariki katika miaka ya karibuni ni ule uliothubutu kuwahesabu.

Tuanze na simu yenyewe. Mwaka 2015 kundi la Andrew Bastawrous, daktari wa macho kutoka Uingereza, lilichapisha matokeo ya programu ya simu iliyojaribiwa Nakuru, Kenya. Kwenye kioo inatokea herufi E, mara imelala, mara imesimama, mara imegeuka kichwa chini. Anayepimwa anaonyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi, na mpimaji anatelezesha kidole upande huohuo bila kuhitaji kutazama kioo. Asiyejua kusoma anapimika sawasawa na mwalimu wake. Matokeo yalikaribiana na ya ubao unaotundikwa ukutani hospitalini. Wengi waliishia kusifu hapo, lakini kilichofuata kina uzito zaidi. Hillary Rono, daktari wa macho wa Kitale, na wenzake walichukua shule 50 za Trans Nzoia, hukohuko Kenya, zenye wanafunzi zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule walimu walipima kwa kadi ya kawaida, na mtoto aliyeonekana ana tatizo akapewa barua. Katika nusu nyingine walipima kwa simu, na mzazi akaletewa picha inayomwonyesha dunia jinsi mwanawe anavyoiona, ikiwa na ukungu, kisha akakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Matokeo yalitoka 2018: kundi la barua walifika hospitali asilimia 22, kundi la picha na ujumbe asilimia 54. Sioni kwamba tofauti hiyo ililetwa na ukali wa kipimo. Nadhani ililetwa zaidi na mzazi kuona kwa macho yake kile ambacho barua ilimwambia kwa maneno.

Rwanda nako walipata funzo kama hilo kwa wagonjwa wa kisukari, ambao sukari huwaharibia mishipa midogo nyuma ya jicho. Wanjiku Mathenge na wenzake walichapisha mwaka 2022 ulinganisho wa makundi mawili ya waliopigwa picha ya jicho. Baadhi walisomewa picha na akili mnemba wakapewa jibu palepale, wengine walingoja siku kadhaa msomaji binadamu atoe jibu. Kati ya waliopewa jibu palepale walifika kwa daktari asilimia 51.5, na kati ya waliongoja asilimia 39.6. Sifa ya mashine hapa haikuwa kumshinda daktari kwa akili, ilikuwa kumkamata mtu kabla hajapanda gari kurudi kwake. Hata hivyo tusijidanganye: kwenye makundi yaliyofanya vizuri, Trans Nzoia na Rwanda, karibu nusu hawakufika.

Kwa nini hawafiki? Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa 2005 uliwasikiliza wazee wenye mtoto wa jicho pamoja na jamaa zao, ukaonyesha kwamba safari ya upasuaji huamuliwa na familia. Mzee haombi, anangoja watoto waone haja, na watoto wanapima haja hiyo dhidi ya ada ya shule na bati la nyumba. Anayeijua Pande hatashangaa. Hospitali ya wilaya ya Kinyonga iko Kilwa Kivinje, ya mkoa ya Sokoine iko Lindi, na anayeambiwa aende hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ana zaidi ya kilomita 300 mbele yake. Kwanza atoke hadi barabara kuu, tena akiwa na wa kumshika mkono, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili.

Vikope, yaani trakoma, vinaonyesha upande wa pili wa suala hili la safari. Mpimaji anaigeuza kope ya juu ya mtoto ndani nje na kutafuta vipele vyeupe, vitano au zaidi, kila kimoja kisichopungua nusu milimita. Wekundu peke yake hauamui kitu, kwani moshi huleta wekundu, na msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho nao ni vivyo hivyo. Lakini hapa anayetafutwa si mtoto mmoja. Ikiwa watoto wa mwaka 1 hadi 9 wenye dalili hiyo wanafikia asilimia 5 ya wenzao, eneo lote linahesabiwa lina tatizo, na dawa inapelekwa kwa watu. Kule Kahe Mpya, Kilimanjaro, karibu wakazi wote walimeza dawa ya azithromycin mara moja. Maambukizi yaliyokuwa asilimia 9.5 yalishuka hadi 0.1 baada ya miaka miwili, kwa matokeo yaliyochapishwa 2004. Sehemu ya siri ya ushindi huo ni kwamba hakuna aliyetakiwa kusafiri.

Daktari makini atanipinga kwamba mwalimu na simu yake watakosea, na kila aliyetumwa kimakosa amepoteza nauli. Ni kweli, na kwa glakoma ni kweli zaidi. Namba ya presha peke yake hudanganya: wapo wanaopofuka presha ikiwa ya kawaida, wapo wenye presha ya juu na mshipa mzima, hivyo lazima mtu achungulie mzizi wa mshipa nyuma ya jicho. Kwa hiyo siungi mkono kampeni ya kuwapanga foleni watu wote wa kijiji kupimwa presha. Naunga mkono jambo dogo zaidi: kila mwenye miaka 40 na kuendelea anayekuja mwenyewe kutafuta miwani ya kusomea achunguliwe mshipa kabla hajapewa miwani, na mtoto aliyeshindwa kuiona E shuleni apimwe tena zahanati kabla ya kutumwa mbali.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kuna faida gani kumwambia mtu ana ugonjwa unaodai matone kila siku maisha yake yote, na matone hayapo karibu? Sitalipuuza. Kuna ukatili katika kupima na kuondoka, na wanavijiji wana haki ya kuwauliza wageni wenye mashine watarudi lini. Lakini glakoma hutembea katika ukoo, na ndugu wa aliyegunduliwa wanaweza kuwahiwa kabla giza halijafika. Isitoshe, hospitali haiwezi kudai daktari wa macho kwa ajili ya wagonjwa ambao haijawaandika.

Kinachobaki kutafitiwa huku kwetu, kwa maoni yangu, ni tarehe. Kilwa hela haipo mwaka mzima. Inakuja na ufuta katikati ya mwaka, kisha korosho mwishoni. Rufaa inayoandikwa Machi ikitaka mgonjwa afike Aprili inamtaka asafiri wakati mfuko uko mtupu na shamba linamwita. Zigawe zahanati za tarafa moja makundi mawili, kama walivyogawa shule za Trans Nzoia. Kundi moja liandike barua za kawaida, jingine liandike tarehe ya baada ya mnada wa ufuta, pamoja na jina na simu ya mtoto atakayemsindikiza mzee. Halafu mtu akae pale Kinyonga na daftari, ahesabu wanaoshuka garini.