Andika hesabu ya ndagala

Vijana wengi wa Rumonge, Burundi, wanaoomba nafasi ya MBA hufungua insha yao kwa maneno yaleyale: tangu utotoni nimeipenda biashara. Anayepitia maombi Nairobi au Kigali ameshayasoma mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana. Wakati huohuo, daftari la mama la kuanika na kuuza ndagala, ambalo kijana amelishika miaka minne, halitajwi popote. Analiona kazi ya nyumbani tu.

Mimi ningeanza na daftari hilo. Ndagala, samaki wadogo wa ziwani, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa, mitumbwi hulala ufukweni, nayo madeni ya mafuta na nyavu hayalali. Mvua ikinyesha kabla samaki hawajakauka, bei huanguka siku hiyohiyo. Anayeamua anunue kiasi gani siku ya wingi, na apeleke lini Bujumbura, tayari anabeba mtaji na hatari. Tuseme familia iliacha kuanika mchangani ikahamia kwenye vichanja, njia ambayo FAO iliieneza ufukoni huku. Vichanja viligharimu faranga ngapi? Magunia mangapi yalikuwa yakiharibika kabla, na mangapi baada? Nani nyumbani alipinga, na ulimshawishi vipi? Majibu hayo, kwa tarakimu, yanatosha insha nzima. Mwenye kukamua mawese naye anayo hesabu yake.

Stanford imewauliza waombaji kwa miaka mingi ni jambo gani lina maana kubwa kwao, na kwa nini. Wengi hujibu nusu ya kwanza tu; daftari hukusaidia kujibu ya pili.

Barua ya mapendekezo iombe kwa aliyekuona ukifanya kazi. Mhasibu wa ushirika anayeweza kusimulia siku uliyogundua kosa katika hesabu anakufaa kuliko mheshimiwa anayekujua kwa jina la baba. Alama nazo zifafanuliwe: 14 kwa 20 ni ya kujivunia kwetu, lakini kwa msomaji wa mbali ni asilimia 70 tu. Omba chuo chako kieleze kwa maandishi kinavyotoa alama.

Kiingereza ni lugha rasmi Burundi tangu 2014, lakini wengi tumesoma kwa Kifaransa, basi mtihani wa lugha hautakwepeka. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hukubaliwa kwa miaka 2; ya GMAT, mtihani wa kujiunga na MBA, kwa 5. Fanya GMAT kwanza. Kiingereza kifuate mwaka unaotuma maombi.