Kiingilio cha Kibanda Umiza Kina Sheria Yake

Siku ya mechi ya Simba na Yanga, vibanda umiza vya Bugarama, kwenye ukanda wa dhahabu, hujaa kabla filimbi haijapulizwa. Wachimbaji wadogo, bodaboda na vijana wa kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, hubanana kwenye mabenchi, kila mmoja akiwa ameshalipa kiingilio mlangoni. Mwenye kibanda naye amelipia kifurushi cha king'amuzi kwa fedha yake halali, hivyo huamini kuwa hadaiwi na mtu. Kwa kawaida anadaiwa kibali, na ni vyema ajue sababu kabla wakaguzi hawajabisha hodi.

Kifurushi cha nyumbani ni mkataba wa familia kutazama nyumbani kwake. Kukusanya watu na kuwatoza ni matumizi mengine, nayo huhitaji mkataba wa biashara. Msingi huu ni wa siku nyingi. Kifungu cha 13 cha Mkataba wa Roma wa 1961 kinazungumzia haki ya vituo vya utangazaji kuruhusu au kukataza matangazo yao ya televisheni kuoneshwa hadharani pale watu wanapolipa kiingilio. Hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda watangazaji, na chombo kinachohusika na haki hizo ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Hata kanisa limewahi kukumbana na ukuta huu. Mwaka 2007 ligi ya NFL ya Marekani ililiandikia kanisa la Fall Creek Baptist la Indianapolis, lililotaka waumini watazame fainali ya Super Bowl pamoja. Miongoni mwa mambo ambayo ligi iliyapinga ni mchango ambao washiriki wangetozwa, na skrini iliyozidi inchi 55. Watu wengi walikasirika, na mwaka uliofuata ligi ikalegeza msimamo kwa makanisa. FIFA nayo, kwenye Kombe la Dunia, hutenganisha anayeonesha kibiashara na asiyetafuta faida. Anayetoza kiingilio au kutafuta wadhamini hutakiwa kuwa na leseni.

Ligi zinakazana hivi kwa sababu haki za matangazo ndizo zinazoziingizia fedha. Mei 2021, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu. Ukanda wa dhahabu una sababu ya kuzithamini fedha hizo. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu 2021, ikamaliza msimu wa 2021/22 katika nafasi ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Klabu ya aina hiyo haina umati wa getini kama wa Simba au Yanga, kwa hiyo fedha za televisheni zina uzito mkubwa kwake.

Kwa hiyo, ndugu mwenye kibanda, soma mkataba wako, muulize wakala bei ya kifurushi cha biashara, na uhakikishe leseni ya halmashauri iko hai. Masharti hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Usijifunze sheria kwa jirani.

Wenye haki nao wana wajibu. Bei iliyopangwa kwa hoteli ya mjini haiwezi kubebwa na banda la mabati lenye mabenchi kumi. Naamini dawa ni leseni ya vibanda inayolipwa kwa simu, bei yake ikifuata idadi ya viti, na elimu itangulie faini. Shabiki wa Bugarama hawezi kusafiri hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa kila dabi. Ligi inayomtaka awe mteja wake lazima impe njia halali, anayoimudu, ya kutazama mpira pamoja na wenzake.