Kompyuta Ikifa, Kumbukumbu Huenda Bado Zipo

Msimu wa ufuta au korosho unapofika, makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa huandika majina ya wakulima, kilo zilizopimwa na namba za akaunti za benki. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hukabidhi mazao kwanza na kulipwa baada ya mnada. Siku hizo za kungoja, orodha iliyomo kwenye kompyuta mpakato ya chama ni sehemu ya ushahidi wa jasho lake. Kompyuta hiyo ikikataa kuwaka, hofu huwa kubwa, na uamuzi wa haraka unaweza kuongeza hasara.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba kompyuta na diski yake ni vitu viwili. Kioo, chaji au saketi kuu inaweza kuungua ilhali diski ni nzima. Ni sawa na daftari lililofungiwa ndani ya kabati lenye kitasa kibovu: kitasa kuharibika hakumaanishi kwamba daftari limeteketea.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kuacha kuiwasha tena na tena. Vilevile, mwenye kompyuta asikubali ipigwe Windows upya kabla ya kumbukumbu kuokolewa. Katika diski za kuzunguka, faili lililofutwa huondolewa kwenye orodha tu. Maandishi yake hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuweka mfumo mpya ni kuandika juu yake.

Hatua ya pili ni kunakili diski nzima. Fundi huitoa na kuiunganisha kwa waya wa USB kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, mfumo wa bure unaoweza kuendeshwa hata kutoka kwenye flashi. Diski mbovu isifunguliwe wala kurekebishwa. Amri ya lsblk huonyesha jina lake. Jina likiwa /dev/sdb, programu ya ddrescue huamriwa hivi:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map

Amri hii hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuruka zilizoharibika. Faili la diski.map hutunza kumbukumbu ya kazi, hivyo umeme ukikatika, amri ileile huendelea pale ilipoishia. Baadaye, -r3 ikiwekwa mahali pa -n, programu hurudia sehemu ngumu mara tatu. Majina yasipishane: chanzo kikiwekwa mahali pa nakala, kila kitu kinaweza kupotea.

Nakala hiyo, iitwayo taswira ya diski, huhitaji nafasi ya kutosha. Diski ya GB 500 huhitaji diski ya akiba yenye zaidi ya GB 500 zilizo wazi, nayo isiwe ya mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofikia GB 4.

Kuanzia hapo, diski mbovu huwekwa kando na kazi hufanyika kwenye taswira pekee. Amri ya losetup yenye alama -r huifungua kwa kusoma tu, na mara nyingi mafaili huonekana kama kawaida. Yasipoonekana, TestDisk hutafuta mgawanyo wa diski uliopotea. PhotoRec ni ya mwisho, kwa kuwa huokoa mafaili bila majina yake ya awali. Itabidi kufungua moja baada ya jingine.

Njia hii ina mipaka. Diski inayogonga-gonga izimwe na kupelekwa kwa mtaalamu. Diski za SSD huweza kusafisha kabisa kilichofutwa. Diski iliyofungwa kwa BitLocker huhitaji ufunguo wake wa tarakimu 48.

Suala la siri nalo ni la kisheria. Majina na akaunti za wakulima hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni busara kiongozi wa chama awepo wakati wa kazi, na nakala zisibaki kwa fundi. Kwa kumbukumbu za kijiji au kata, mtu wa kwanza kumwona ni Afisa TEHAMA wa halmashauri.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Kila jioni ya siku ya kupokea mazao, orodha inakiliwe kwenye flashi au diski inayotunzwa nje ya ofisi, na daftari la karatasi liendelee kuandikwa. Mkulima naye atunze stakabadhi yake hadi fedha ziingie kwenye akaunti: karatasi hiyo haihitaji umeme ili isomeke.